Aliyeyalalia Mayai ya Mawe

Nianze na upumbavu wangu, maana mama akiueleza yeye utakuwa mkubwa zaidi: nilimwekea kuku wake jiwe. Harufu ya mayai manne yaliyopasuka chini ya jiwe lile bado iko puani mwangu, na kuku alikuwa amebakiza siku tatu tu atotoe. Nilicheka peke yangu, na fimbo nikala peke yangu.

Jiwe lenyewe lilikuwa yai. Kiangazi kile kijiji chetu cha Didia kilikuwa kikichimba lambo la ng'ombe kwa amri ya mtemi, na kule chini, kwenye udongo mgumu, wachimbaji walikuta mayai ya mawe, marefu kama viazi vitamu, yamepangwa mawili mawili kwa duara. Katikati patupu. Kando yake palikuwa na jino dogo, kali kama kisu. Mama alipomaliza kunichapa alikwenda kuyaona, akachuchumaa pale hadi jua likamgeukia mgongoni.

Siku ya pili akaja mzungu wa mawe na lori, pamoja na karani wa kumtafsiria, kijana wa kaptula iliyopigwa pasi hadi inakata. Bwana akasema ni mayai ya mjusi mdogo mla nyama. Aliyataga, akayafukia, akaenda zake kama kobe.

"Muulize," mama akamwambia karani, "kama alikwenda zake, hapo katikati alimwachia nani nafasi?"

"Mama Masanja, bwana hakuja kwa habari za kuku."

"Muulize tu, baba. Au basi ayachore kwanza yalivyokaa."

Hakuuliza! Mtu analipwa kwa mdomo wake, halafu anaufunga! Nikauliza mimi, kwa Kiingereza changu cha shule kinachochechemea: aliyekaa pale aliyafunika kwa kitu gani, kama si kwa manyoya? Bwana akacheka mpaka kofia ikadondoka. Karani akaiokota huku akicheka kumzidi. Kisha wakayang'oa moja moja, wakayarundika kwenye kreti. Lile duara, ambalo ndilo lililokuwa jibu, likabaki shimo.

Sasa niko darasa la nane, na bado nina hasira. Mwezi jana niliandika kwenye mtihani kwamba wanyama wale walikuwa na manyoya na walilalia mayai yao. Sifuri nimezizoea, lakini hii iliniuma. Nilimpelekea mama daftari. Akalitazama, akanirudishia.

"Huyo mwalimu wako," akasema, "amewahi kutotolesha hata kifaranga kimoja?"