Msimu Niliomchapa Binti Yangu kwa Kulewa

Msimu ule wa korosho nilimchapa binti yangu kwa kulewa. Ana miaka saba, jamani! Nikisema hivi nacheka, halafu naona aibu, halafu nacheka tena.

Huku Newala, mabibo, yale matunda ya mkorosho, yakishakamuliwa na juisi yake ikachachuka kuwa uraka, kikombe hakiwi mbali na mkono wa mtoto. Kwa hiyo alipoanza kuamka anatapika na kutembea upande upande kama kuku aliyefungwa mguu, mama mkwe akatoa hukumu: "Huyo kalewa." Nikamnusa mdomo. Hamna kitu. "Kajifunza kusukutua," akasema mama mkwe, naye hajawahi kushindwa ubishi. Nikamchapa fimbo, tukaufungia uraka stoo, ufunguo nikauchomeka kwenye sidiria. Asubuhi mtoto kaamka, katapika, kaanguka mlangoni. Ufunguo nilikuwa nao kifuani.

Daktari wa Masasi alimsimamisha kwa mguu mmoja, akamwambia afuate kidole kwa macho, kisha akatutuma Dar kupigwa picha ya kichwa. Uvimbe, ndani ya ubongo, upande wa kisogoni. Nikamjia juu daktari wa Dar: "Mtoto mdogo hivi! Kwani ni watoto wangapi wanapata haya?" Akasema ni wachache sana, wengi wanaotapika wana malaria tu, ila ukija kwenye saratani za watoto, zile za ubongo na uti wa mgongo ni miongoni mwa zinazowapata zaidi.

"Wachache," nikamwambia, "na mimi ninaye huyu mmoja."

Akanionya kwamba baada ya upasuaji wengine hunyamaza, na hakuna ajuaye mpaka lini. Wangu akapasuliwa, akanyamaza. Mimi, ambaye mtaa mzima unanijua kwa mdomo, nikaongea kwa niaba ya wawili. Nikamwomba radhi kwa zile fimbo. Akanitazama tu, nami nikalia kama mjinga.

Siku ya tisa nilikuwa nagombana na nesi kuhusu uji uliopoa. Nyuma yangu nikasikia sauti ndogo, imekwaruza:

"Shikamoo, mama."

"Marahaba!" Wodi nzima iligeuka. "Marahaba mwanangu! Marahaba! Marahaba!" Nesi nimemkumbatia, uji umetumwagikia wote wawili, nacheka, kamasi zinanitoka.

Mtoto akakunja uso. "Mama," akasema, "nimekuamkia mara moja tu."