Mwendo wa Kaseti

Rock tuliijua kupitia kaseti moja. Mfanyabiashara wa Kikula, mtaa wetu wa Likasi, aliileta kutoka Zambia, imenakiliwa mara nyingi hata waimbaji walisikika kama wako ndani ya pipa. Tuliisikiliza kwa redio-kaseti ya betri, na betri tulizianika juani zidumu siku moja zaidi. Humo tulijifunza gitaa zito, linalojikokota. Kuitikiana tulikutoa kwenye kwaya ya kanisa, tulikokulia sote watatu: mpiga gitaa, mpiga ngoma na mimi, niliyepiga besi na kuimba.

Kisha nikaenda chuo kikuu Lubumbashi, na huko, katika chumba chenye umeme, nikasikia nyimbo zilezile. Zilikuwa zinakimbia. Rock yetu yote ilikuwa mwendo wa utepe uliovutwa na betri zinazokufa.

Chuo kilipofungwa nilirudi Likasi. Watu wenye asili ya Kasai, mkoa wa jirani, walikuwa wakifukuzwa majumbani. Mpiga gitaa alizaliwa hapahapa, mtaa wa Panda, na baba yake alizeekea kwenye karakana za shaba, lakini familia yao ilikuwa wiki ya tano stesheni, chini ya turubai, ikingoja treni ya kuwapeleka Kasai. Nilimuuliza kila mtu: aliyezaliwa hapa anarudishwa wapi? Wengine waliniomba nipunguze sauti.

Tuliamua kurekodi wimbo wetu kabla hajaondoka, niupeleke redio ya Lubumbashi. Mchungaji alituruhusu kutumia vyombo vya kanisa mchana, mradi tusiimbe mapenzi. Redio-kaseti tuliichomeka kwenye umeme, tukaiweka juu ya mimbari. Kaseti ilikuwa moja, na upande mmoja tu uliofaa.

Mara ya kwanza tulipiga kama tulivyozoea. Mwishoni mpiga gitaa alipiga solo ndefu, ya polepole. Mpiga ngoma alijifuta macho kwa shati, akasingizia vumbi.

Mimi nikasema tumekosea. Nikawaeleza habari ya betri.

"Docteur wa betri," mpiga ngoma akacheka. "Kumbe rock yetu iko na malaria."

"Minye niliipenda bile tulipiga," mpiga gitaa akasema. "Lakini weye njo ulisoma. Unasema turudilie?"

"Turudilie, mbio kidogo. Watu wa redio kule Lubumbashi watatucheka."

Alinitazama, kisha akarudisha utepe yeye mwenyewe. Tukaanza upya, juu ya ile ya kwanza. Hatujafika kwenye solo, kaka yake akaingia bila kuvua kofia.

"Treni imefika. Mama iko analia. Twende."

"Yaya, dakika mbili tu," mpiga gitaa akamwomba kaka yake mkubwa.

"Watu wanapanda mpaka juu ya paa, na weye unaomba dakika?"

Mpiga gitaa aliegemeza gitaa la kanisa ukutani, akatoka. Tulimsindikiza hadi barabarani, tukasimama mpaka wakapotea machoni.

Redio-kaseti hatukuizima. Tungeizima, solo ya mara ya kwanza ingebaki salama mbele ya pale tulipokatishwa. Tuliporudi, utepe ulikuwa umefika mwisho wake, ukiwa umerekodi ukumbi mtupu juu ya solo hiyo.

Tulikaa tukausikiliza wote: ubeti mmoja wa haraka, mlango, sauti ya kaka yake, halafu kimya. Mpiga ngoma alingoja mpaka kitufe kikaruka chenyewe.

"Sasa mwendo iko sawa?" akaniuliza.