Mkalimani wa Ukumbi Usio na Kiziwi

Paa! Sauti ya kwanza ambayo Wening anaikumbuka duniani ni kiganja cha mama yake kikipiga sakafu ya mbao. Mama mwenyewe hakuisikia, maana alizaliwa kiziwi, na baba vilevile. Alipiga ili mtikisiko utambae kwenye mbao mpaka kwenye nyayo za mumewe aliyeinamia cherehani, ageuke, aambiwe chai iko tayari. Wening, mwenye masikio peke yake katika nyumba ile ya ushonaji pembezoni mwa mji wa Yogya, ndiye aliyepata sauti yote bure.

Masikio hayo yalipewa kazi mapema. Akiwa darasa la pili aliitwa shuleni pamoja na mama yake. Mwalimu akasema, "Mwambie mama yako hujui kukaa kimya na unafundisha wenzako matusi." Wening akaigeuza kwa mikono yake midogo: mwalimu anasema nimeongezeka mwili, anakupongeza kwa kunilisha. Mama akainama mara mbili, akatabasamu, akashukuru kwa moyo wake wote. Mwalimu akabaki anashangaa ni mzazi wa namna gani huyu anayefurahia matusi.

Mwenye nyumba alipokuja kubwata mlangoni, kwa mikono ya Wening alikuwa anawasalimu. Muuza vitambaa alipowaita viziwi wapumbavu, alikuwa anauliza hali. Akakua hivyo, kama chujio la familia: maneno ya watu yaliingia na miiba upande mmoja, yakatoka upande wa pili yameshapakwa sukari. Wazazi wake walizeeka wakiamini mji wao una watu wapole kupita miji yote, na hakuna aliyepata nafasi ya kuwaeleza vingine.

Kipaji cha namna hiyo hakipotei. Chuo kikuu kimoja cha mjini kilipofungua Kituo cha Huduma kwa Wanafunzi Wenye Ulemavu, kilimwajiri Wening awe mkalimani wa lugha ya alama. Kituo chenyewe kiliwekwa ghorofa ya tatu, katika jengo lisilo na lifti, ili kila anayehitaji huduma aonyeshe kwanza kwamba anaihitaji kweli. Pale chini palijengwa rampu nzuri ya saruji kwa ajili ya viti vya magurudumu. Watumishi wa kituo walikubaliana kwamba haijapata kutokea sehemu nzuri kama hiyo ya kuegesha pikipiki. Choo kipana chenye vishikio nacho hakikuachwa bure: ndimo yalimohifadhiwa mabango ya sherehe.

Maana sherehe zilikuwepo. Mkuu wa kituo, Pak Haryoko, yaani Bwana Haryoko, alikuwa mtu mwema. Alisema hivyo mwenyewe katika kila hotuba. Alikuwa na batiki ya kila siku ya juma na semina ya kila mwezi, na katika kila semina watu wasio na ulemavu waliwaeleza watu wengine wasio na ulemavu jinsi ulemavu ulivyo, kisha wote wakapewa visanduku vya vitafunwa. Kama huruma ingepimwa kwa visanduku vya vitafunwa, kituo kile kingekuwa peponi.

Katikati ya huruma yote hiyo alikuwepo Ratri, kiziwi peke yake aliyebaki chuoni baada ya wengine kuchoka na kurudi makwao. Alitoka kijiji kilicho kwenye mteremko wa Merapi, mlima wa volkano, na ulimi wa mikono yake haukuwa na pazia.

"Mwambie mwalimu," aliwahi kuashiria katikati ya somo, "haeleweki hata na wenye masikio. Angalia, wawili wamelala."

Wening akasimama, akasema kwa sauti ya asali, "Ratri anaomba, kama haitakuwa usumbufu, mfano mmoja zaidi."

Ratri akamtazama kwa jicho la pembeni. "Mimi nimesema machache. Mdomo wako umecheza muda mrefu. Umeongeza nini, Mbak, dada yangu?"

"Adabu."

"Ya nani? Mimi sikuagiza."

Walipendana hivyo hivyo, kama ndugu. Ratri alimjua Wening kuliko wengi walivyomjua, ndiyo maana alimsumbua.

Miaka miwili ya mwanzo Ratri alisoma bila mkalimani. Alikaa mbele, akakodolea midomo, akanakili daftari la jirani, akaanguka mitihani. Kituo kilipokuja kumletea mkalimani, chuo kilimpongeza kwa dhati, lakini kalenda haikupongeza mtu: miaka ile miwili ilihesabiwa kama miaka mingine. Sasa muda wake ulikuwa unakwisha siku ya Ijumaa. Asipotetea tasnifu yake kufikia siku hiyo, jina lake linafutwa. Kwa bahati wahadhiri watatu walipatikana kwa pamoja, Alhamisi saa nne asubuhi.

Tasnifu ilihusu kijiji chake. Merapi ukianza kukohoa, king'ora hulia, magogo ya tahadhari hupigwa, misikiti hutangaza kwenye vipaza sauti. Viziwi wa mteremkoni huijua hatari wanapoona migongo ya majirani. Ratri alikuwa ametembea nyumba kwa nyumba, akapanga taa, kamba za kuvuta, na zamu za nani amwamshe nani. Ofisi ya maafa ya wilaya ilimsikiliza. Ikamwambia kwa maandishi manene: ilete kwetu kazi hii maprofesa wako wakishaichokonoa, kitu ambacho hakijaulizwa maswali hatuwezi kukipeleka mlimani.

Sasa, Jumatatu ya juma lile Pak Haryoko alimwita Wening ofisini, akaanza na Bu, yaani Bi, ya heshima.

"Bu Wening, Alhamisi ni siku yetu kubwa, siku ya viziwi. Mkuu wa chuo anahutubia, tunarusha mubashara. Utasimama jukwaani, eh? Saa nne kamili."

"Inggih, Pak," akasema Wening. Ndiyo, Pak. "Ila Alhamisi hiyo Ratri naye anatetea kazi yake."

"Alaa! Vizuri sana. Tutamtaja kwenye hotuba."

"Inggih, Pak."

Katika mji ule neno hilo lina watoto wengi. Inggih ni ndiyo. Inggih ni nimekusikia, acha nikafikirie, Mungu apishie mbali. Kila mtu anajua kuwatofautisha watoto hao kwa sura, isipokuwa bosi, ambaye kwake wote hufanana. Kumjibu mkubwa "mboten", hapana ya wazi, mbele ya uso wake, ni kama kuvua nguo sokoni: inawezekana, lakini utahama.

Alasiri Ratri akamuuliza, "Alhamisi utakuja?"

"Nitakuja."

Basi akawa ameuza saa nne ileile kwa wateja wawili. Akangoja kile ambacho kila mtu wa pale hungoja akishaingia katika shimo hilo: kwamba Pak Haryoko ataona haya mwenyewe, aje polepole aseme, ah, Bu, kumbe siku hiyo una kazi, acha tu. Jumanne ikapita. Jumatano Pak Haryoko alikuja polepole kweli, akamletea batiki mpya ya kuvaa jukwaani.

Alhamisi ukumbi ulijaa. Viti vya mbele vilibandikwa karatasi, "Rafiki Zetu Maalumu", vikakaliwa na wanafunzi wa kujitolea, kwa sababu ukumbi una ngazi na rafiki maalumu wawili wenye viti vya magurudumu walikuwa wamewekwa nje, chini ya turubai, na runinga yao na visanduku vyao. Mkuu wa chuo alizindua siku hiyo adhimu kwa kupiga gongo kubwa la shaba. Sijui siku ya viziwi ingefunguliwa kwa nini kingine.

"Chuo chetu," akaanza, "hakimwachi mtu nyuma."

Wening akatafsiri. Alitafsiri vizuri, mikono mirefu, uso hai, mbele ya mamia ya watu ambao wote masikio yao yalikuwa mazima. Akatafsiri shukrani kwa Mungu, shukrani kwa manaibu, shukrani kwa waliotangulia kushukuru. Kiziwi pekee wa chuo kile alikuwa upande wa pili wa viwanja, mbele ya maprofesa watatu.

Makofi yalipopigwa kwa mara ya pili alichungulia simu kiganjani. Ujumbe wa Ratri: *Nakuona mubashara, kwenye kiduara cha mkalimani pale chini ya skrini. Umependeza sana. Wameniita ndani.*

Alisoma neno "umependeza" mara mbili. Halafu akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na akalifanya kwa heshima zote. Aliinamisha mgongo, akatanguliza mkono wa kulia chini mbele ya magoti, kama mtu anavyopita mbele ya wakubwa, akaanza kushuka jukwaani. Hakuna aliyemzuia. Nani angemzuia mtu aliyeinama vile? Mkuu wa chuo mwenyewe, katikati ya sentensi, alirudisha mguu kumpisha. Wageni wa mstari wa mbele walivuta magoti.

Pak Haryoko akamnong'oneza alipompita, "Msalani, Bu?"

"Inggih, Pak."

"Tumia cha kushoto. Kile kipana kina mabango."

Hotuba ikaendelea. Kile kiduara kwenye matangazo kikabaki kinaonyesha pazia la kijani, na baadaye kituo kilipokea pongezi nyingi za watazamaji kwa kujali lugha ya alama. Wening alitoa pikipiki yake kwenye rampu, akakata viwanja.

Chumba cha utetezi kilikuwa na ubaridi wa kiyoyozi na harufu ya wali wa kunata uliofungwa kwenye majani. Visanduku vilikuwa vimeshafunguliwa. Ratri alisimama kando ya picha zake za ukutani, uso umekazwa kama ngoma. Mwenyekiti wa jopo, Profesa Mulyaningsih, mama mnene mwenye macho ya huruma, alifuta midomo kwa karatasi.

"Ah, Bu Wening! Umefika kutumalizia. Tumeshakubaliana sote. Hatutamuuliza maswali, maskini. Kule kusimama kwake tu hapa ni ushindi. Tunampa B."

"Mimi nimelia," akasema mhadhiri wa pili, naye akaonyesha kitambaa.

"Nilimuuliza kwa karatasi kama anaafiki," akaongeza wa tatu. "Akanikodolea. Nikaona tusimchoshe."

Mikono ya Wening ikanyanyuka. Ilikuwa rahisi mno. Wamependa kazi yako, umefaulu, twende tukale. Ishara nne au tano, na binti angepata shahada yake, na watu wote chumbani wangebaki wema. Alikwisha kuanza ile ya kwanza. Ratri alikuwa anamtazama usoni wala si mikononi. Wening akakunja vidole, akaanza upya.

"Wamekuita maskini," akaashiria. "Hawataki kukuuliza kitu. Wamekupa B kwa sababu umesimama."

Ratri hakuruka, hakupiga meza. Mikono yake ilikuwa midogo na ya taratibu.

"Waambie siitaki. Taa zangu zinazimika umeme ukikatika, na mlima ukilipuka umeme hukatika. Hilo ni tundu, nalijua, nina jibu lake, nataka mtu mmoja aniulize. Nikitoka hapa bila swali, ofisi ya maafa itaitia kazi hii kabatini. Mlima hautoi B."

"Wakikuuliza wanaweza kukuangusha. Kesho jina linafutwa. Hakuna siku nyingine."

"Waniangushe wakiwa wameisoma."

"Ratri, mdogo wangu, fikiri."

"Nimefikiri miaka yote hiyo uliyokuwa unanisemea. Sema kama nilivyosema. Usiguse hata neno moja."

Profesa Mulyaningsih alikuwa amekwisha kufungua kalamu. Alitazama mikono hiyo miwili miwili ikipishana hewani, akatabasamu jinsi watu wanavyotabasamu wakiangalia ndege.

"Anasemaje, Bu? Anashukuru?"

Wening akafungua mdomo. Maneno yale ya sukari yalikuja yote, yamejipanga mstari kama kawaida yao: kwa heshima kubwa, kama haitakuwa usumbufu, tunaomba radhi sana. Yalikuwa yamemlisha tangu darasa la pili. Akayasubirisha. Mkalimani akisema "mimi", huyo mimi ni yule anayetafsiriwa. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza ya kazi yake, na aliifundisha kwenye semina akiwa na kipaza sauti. Lakini mdomo ambao ungemkatalia mkubwa ulikuwa wake mwenyewe.

Kalamu ilishagusa karatasi.

"Mboten, Bu Prof," akasema, kwa sauti ndogo hivi kwamba yule mhadhiri wa tatu aliacha kutafuna ili asikie. "Hapana. Sishukuru. Niulizeni."