Kiti Kinachomngoja Ghorofa ya Sita

Saa moja asubuhi, ndoo ya Mama Vidato, mwosha ngazi, ina maji nusu. Zamani aliijaza pomoni na kuipandisha kwa mkono mmoja, huku akiwagombeza watoto wanaoteleza kwenye kishikio cha ngazi. Leo anapanda vidato kumi na nane, anaitua, anaketi kwenye kiti cha plastiki na kusubiri pumzi itulie.

Ngazi huoshwa kutoka juu kwenda chini, kwa hiyo mwoshaji lazima apande kwanza. Jengo hili lina ghorofa sita, vidato 108, na halina lifti. Mwandishi wa makala haya, asiye na kisingizio cha ugonjwa, alifika juu ulimi nje.

Kwa miaka kumi na minne mama huyu wa watoto watatu alivipanda mara mbili kwa siku. Mwaka jana akashikwa na mafua makali. Alilala siku mbili, ya tatu akarudi kazini.

"Nani analala kitandani kwa ajili ya mafua?" anauliza. "Kumbe yangu yameshuka moyoni."

Wiki ya pili kifua kilianza kubana, moyo ukadunda ovyo, miguu ikavimba hadi viatu vikagoma kuingia. Hakumwambia mtu, kwa hofu ya kuambiwa kazi imemshinda. Kwenye kila kona ya ngazi alipiga magoti na kusugua doa ambalo halikuwapo, mpaka pumzi irudi.

Aliyemfumania ni mwalimu mstaafu wa ghorofa ya nne. "Nilimuuliza, mama, hili doa mbona leo siku ya tisa halitoki?" anakumbuka. "Akanijibu, 'Ni la mafuta, mwalimu.' Nikamtazama midomo, imebadilika rangi. Nikampigia mumewe."

Vipimo vilionyesha misuli ya moyo imevimba kwa sababu ya virusi. Moyo ulikuwa ukisukuma asilimia 28 tu ya damu iliyoujaza, ilhali moyo wa mtu mwenye afya husukuma zaidi ya nusu. Alilazwa siku kumi na tisa, kisha akapewa dawa na amri: miezi sita bila ndoo wala ngazi.

Mumewe, fundi viatu, hajaacha kulalamika. "Mficha maradhi kifo humuumbua. Mke wangu anajua uchafu wa kila mlango hapa, lakini maumivu yake mwenyewe alinificha mimi!"

Kazi ilishikwa na wifi yake, mshonaji, na mshahara wakagawana nusu kwa nusu. "Nilikuja kushika kwa wiki mbili, wifi, sasa nina miguu ya mwanajeshi," anamtania. Mwisho wa mwezi huu anarudi kwenye cherehani yake. Msimamizi wa jengo ameshasema: Mama Vidato asipoweza ghorofa zote sita, atatafutwa mwingine.

Alirudi miezi miwili iliyopita, moyo ukiwa umefika asilimia 47, kwa ruhusa ya daktari ya ghorofa tatu tu; tatu za juu bado anaziosha wifi yake. Asubuhi hiyo alikuta kiti kwenye kila kona ya ngazi, hadi juu kabisa. Kila kimoja kilitoka nyumba tofauti. Na ni yeye aliyewapigia kelele miaka yote: "Ngazi si stoo!"

"Nilitaka kuvitoa," anasema. "Mwalimu akaniambia, 'Keti kwanza, mama, ndipo ugombe.' Nikaketi. Nikalia mbele za watu, sikujali."

Hata hivyo, siku za mwanzo alikaa na kitambaa mkononi, akipangusa kishikio ili aonekane yuko kazini. Aibu ya kupumzika, anasema, ilimtesa kuliko dawa.

Juma lijalo ana kipimo cha moyo kitakachoamua kama ataruhusiwa ghorofa zote sita. Daktari amemtahadharisha asijipe uhakika. Moyo una ratiba yake. Usiku analala akiliwaza jibu la kipimo hicho. Ila mpango wake anao tayari.

Kwenye kona ya tatu anatuonyesha alama nyeupe sakafuni, upana wa sahani. Ndipo mwalimu alipomkuta akisugua bure siku tisa. Kisha anainua macho juu, ambako ghorofa ya sita kuna stuli nyekundu ambayo hajawahi kuikalia.

"Nikifika kule siinami tena kutafuta doa," anasema. "Nakaa kwenye stuli yangu, napumzika, na mlango ukifunguka, waache wanione."