Beseni la Kuoshea Kioo cha Darubini

Dharau ndilo kosa ninaloliandikia hapa: dharau ya aliyesoma kwa kazi isiyotolewa cheti. Nilikuwa nayo tele nilipoingia mara ya kwanza, mwanzoni mwa miaka ya tisini, katika karakana ya darubini iliyokuwa nyuma ya Soko la Burma. Nilitarajia kukabidhiwa kioo. Fundi Mkuu alinipa beseni na burashi.

"Nimesomea fizikia, Mzee," nilimkumbusha.

"Vizuri. Basi beseni halitakushinda."

Karakana nzima ilicheka, na aliyecheka zaidi alikuwa mama mwosha vyombo, mkazi wa Kayole, ambaye tangu siku hiyo aliniita Profesa.

Vijana wengi hudhani nguvu ya darubini imo katika bomba lake. La. Imo katika kioo kilichobonyea kidogo kama sahani, kinachokusanya mwanga hafifu na kuuelekeza mahali pamoja. Sisi tulikisaga kwa mkono. Kipande kimoja kinene kililazwa juu ya kingine, katikati pakatiwa maji na unga wa msasa, kisha fundi akasukuma na kuvuta huku akilizunguka pipa lililobeba kazi, hatua kwa hatua, ili mbonyeo uwe sawa pande zote. Kipande cha juu huchimbika, cha chini hutuna. Kwa nini mikono mitupu izae umbo sahihi hivyo? Nimesoma maelezo yake mara nyingi, na bado hunishangaza. Tulianza na unga wa chembe kubwa, tukaendelea na laini, na laini zaidi. Kati ya unga na unga, kila kitu kilioshwa: kioo, pipa, aproni, hata kucha. Chembe moja kubwa ikisalia huchora kioo, na kazi ya majuma huharibika.

Mwaka wangu wa pili nilipewa kioo cha shule ya wasichana ya mtaani. Kilikuwa cha pekee, maana kioo kinene namna ile kilikuwa adimu mno mjini. Na mwalimu mkuu wao alikuwa amewaahidi wasichana wa darasa la mwisho kwamba wangeutazama mwezi kabla ya kumaliza masomo. Nilikuwa nimefikia unga wa mwisho pale mifereji ya maji ya mitaa yetu ya Eastlands ilipokauka, kama ilivyozoea. Katika pipa la pembeni yalikuwamo maji tuliyooshea unga wa kwanza, yametulia, yanang'aa. Niliyateka kutoka juu kwa uangalifu, nikaoshea.

Baada ya mizunguko michache nilisikia mkwaruzo. Nilikiinua kioo dirishani: mchirizi mwembamba kama unywele ulikipita katikati. Nikakirudisha upesi, nikaendelea kusaga.

Mama mwosha vyombo alikuwa ameusikia pia. Alitia vidole ndani ya beseni langu, akavisugua.

"Profesa, hii ni mchanga. Maji umetoa wapi?"

"Pale. Yalikuwa safi."

"Safi ya kuangalia! Enda umwambie Mzee."

"Huenda asione."

"Mimi nimeona. Akiniuliza sitamdanganya, na sitaki aniulize. Enda, wewe!"

Nilikwenda nikijua nitafukuzwa. Fundi Mkuu alikigeuzageuza kioo kwenye mwanga kwa muda mrefu, kama mtu asomaye barua.

"Kwa nini ulidhani maji yaliyotulia hayana chembe?"

"Sikudhani, Mzee. Nilidharau."

"Kosa hilo linarekebishika. Rudi nyuma hatua tatu za unga. Lakini bila maji safi, usikiguse."

Zilibaki wiki tatu shule ifungwe, na mifereji ilibaki mikavu. Siku ya tatu asubuhi yule mama aliingia na mitungi miwili, maji aliyoyapangia foleni kwa ajili ya watoto wake.

"Na nyumbani, Mama?"

"Nyumbani tutaoga kesho. Osha. Na kucha!"

Alisimama pale hadi vidole vyake vilipopapasa beseni na kukosa chembe.

Mchirizi ulitoka. Tulikisugua kioo juu ya lami hadi kikang'aa, tukakipima umbo katika stoo yenye giza kwa taa na wembe unaoukata mwanga, tukakipaka madini ya fedha. Wasichana waliutazama mwezi wa alasiri uwanjani mwao, siku mbili kabla ya shule kufungwa. Mmoja alipiga kelele, "Aki ya nani, kumbe iko na mashimo!" akakataa kumpisha mwenzake.

Baadaye nilihudumu katika kituo kikubwa cha kuchunguza nyota, kusini mwa bara letu, ambako kioo kimoja huundwa kwa vipande vingi, nacho hushinda nyumba kwa upana. Siku ya kwanza nilimuuliza Mhandisi Mkuu ni nani huviosha. "Sisi sote," alijibu, "na mimi huanza." Nilijua nimefika mahali pa kazi.

Sasa nimestaafu. Watu huniuliza ni profesa gani aliyenifunza darubini, wakitarajia kusikia chuo. Huwatajia Mama Roselida Nafula, mwosha vyombo.