Siku Niliyopakua Chakula cha Walimu Stockholm

Shoga zangu, jambo hili nimelificha miaka na miaka, na hata leo nikilitaja uso unanichoma, lakini mmenibana mno mkitaka kujua kwa nini nikienda kwa mtu sigusi friji yake hata akiniambia kachukue maji mwenyewe, basi kaeni niwaambie, mnicheke mpaka mchoke, yaishe.

Baba Zuhura mnamjua, mwalimu wa Kiswahili, na mwaka ule chuo kikuu kimoja cha Stockholm kilimwalika kufundisha kwa muda, nami nikamfuata mwishoni mwa muda wake kwa viza ya matembezi. Kumbe kulikuwa na nafasi ya mwaka mzima, na wangeamua baada ya mhadhara wake wa mwisho. Akiipata, mimi na Zuhura tungehamia kule naye, mtoto asome, na mimi niache kulala nimekumbatia mto (sasa nacheka, wakati ule sikuwa nacheka). Siku ya mhadhara tukatoka Farsta, kitongoji cha mbali kidogo tulikopanga chumba kwa dada mmoja wa Kirundi anayeitwa Espérance, mimi na gauni langu la kitenge ndani ya koti la kuazima, moyo unanidunda utadhani mhadhara ni wangu. Ndani ya treni mume wangu akaniinamia. "Mama Zuhura, leo nakuomba ukae tu. Usifanye lolote. Kaa." Mimi na kukaa, wapi na wapi!

Alitupokea mkuu wa idara, Profesa Birgitta, mama mrefu wa mvi, mpole, na ndiye aliyekuwa na kauli ya mwisho juu ya ile nafasi. Akanipeleka kwenye jiko la walimu, akanimiminia kahawa, akaniambia kwa Kiingereza cha taratibu nikielewe, jisikie uko kwako, kisha akaondoka na mume wangu kikaoni hadi wakati wa kula. Sasa nawauliza, mwanamke wa Tanga ukimwambia jisikie uko kwako halafu ukamwacha peke yake jikoni, unategemea nini?

Nilifungua friji kutafuta maziwa ya kutia kwenye ile kahawa chungu. Basi, hicho tu. Lakini humo ndani nikakuta vibakuli vya plastiki vimepangwa, vyote na vifuniko, na kila kifuniko kina jina la mtu, nikasema moyoni, ahaa, kumbe na hawa wenzetu chakula cha semina wanakifanya hivihivi (nyinyi mnajua, mgeni akija chuoni kwetu chakula huletwa kimefungwa, na jina unaandikiwa ili mjanja asichukue viwili). Nikafurahi, nikaona mume wangu amepewa heshima. Kisha nikafungua kimoja, nikafungua cha pili, na hapo ndipo shetani aliponipitia, maana mmoja kawekewa mapande ya samaki, mwingine majani matupu kama mbuzi wa sikukuu, mwingine viazi viwili na kipande cha soseji (sitaki hata kuuliza ni ya mnyama gani, Mungu anisamehe). Na vyote baridi! Mimi ndiye ninayegawa chakula kwenye shughuli zenu zote, mtaa mzima shahidi, hakuna aliyewahi kulalamika kapunjwa, halafu nikae na kahawa nitazame watu wazima wanapunjana mbele ya mgeni wao?

Basi nikavua koti. Nikatoa mabakuli makubwa kabatini, nikapanga wali na viazi huku, nyama na samaki kule, majani pembeni, na kibakuli kimoja kilikuwa na kuku wa mchuzi mzito wa kahawia, ambao niliuonja nikakuta una karanga, mwenzenu nikakumbuka nyumbani, nikaumwaga juu ya nyama zote ili kila mtu apate. Nikapasha kila kitu moto, nikapanga sahani na uma, vile vibakuli vyao nikavisugua vikang'aa, nikavifunika kifudifudi. Nikasimama mlangoni na kijiko cha kupakulia, najiona shujaa.

Walimu wakaanza kuingia mmojammoja. Wa kwanza akafungua friji, akasimama. Akaifunga, akaifungua tena, utadhani chakula kingerudi. Wa pili naye vilevile. Mmoja akasema "Oj," polepole, yaani loo ya kwao, kisha wakawa wanatazama friji, wanatazama meza, wanatazama vibakuli vyao vimeinamishwa, wananitazama mimi, na wote wanatabasamu. Nikajua nimeharibu, ila sikujua nimeharibu nini.

Profesa Birgitta akaingia na Baba Zuhura, Profesa akadhani mke wa mgeni amepika, akapiga makofi, akasema, uzuri ulioje. Mume wangu akanitazama mimi, akatazama mabakuli, nikamwona rangi inamtoka. Lakini nifanye nini, Profesa amenyoosha sahani! Nikampakulia. Akala uma wa kwanza, akala wa pili, akaacha kutafuna, akaweka sahani chini na kuniuliza kwa sauti ndogo kama mchuzi una karanga.

Shoga zangu, nilifurahi! Angalau mtu kaulizia mapishi. Nikamjibu kwa Kiingereza changu cha sokoni, ndiyo, nyingi, tamu, eh?

Akashika koo. Midomo ikaanza kuvimba mbele ya macho yangu, watu wakaruka, mmoja akakimbilia mkoba wa Profesa, akatoa sindano ya watu wasiopatana na karanga, akamchoma pajani juu ya suruali, mwingine anapiga simu, na mimi nimesimama na kijiko nasema "pole, pole, pole" kama kasuku, kwa Kiswahili, na machozi yananitoka. Nilimwona tayari amekufa. Nilimwona mume wangu anarudishwa nyumbani na mimi nimefungwa kule kwenye baridi. Mpaka watu wa gari la wagonjwa walipofika na yeye akaweza kuvuta pumzi vizuri, akanipungia mkono akiwa kwenye machela, ndipo nikakaa sakafuni.

Mhadhara ulifanyika, kwa sababu kule kilichopangwa kimepangwa. Baba Zuhura alizungumzia methali za mgeni na mwenyeji (jamani, mada aliichagua mwenyewe miezi nyuma), mbele ya walimu wenye njaa, matumbo yananguruma nayasikia mimi niliyejibanza nyuma, na kila methali sauti yake ilikuwa inapungua. Hakunitazama hata mara moja.

Jioni tulipomsimulia dada Espérance, alishika kichwa. "Yoo, mama! Huku kila mutu anabeba chakula yake toka kwake! Hata bosi. Hakuna wa kupikia wengine!" Alicheka mpaka akakaa chini, sisi wawili hatukucheka.

Profesa alipiga simu kesho yake kusema amepona kabisa na nisijali hata kidogo. Wiki kadhaa baadaye, tumesharudi Tanga, wakamwandikia mume wangu kwamba mhadhara ulikuwa mzuri sana, ila waliojiandikisha kusoma Kiswahili ni wachache, kwa hiyo ile nafasi haipo tena. Na hapo ndipo panaponiuma mpaka leo. Wangenigombeza! Kwetu ningesemwa, ningelia, ningeomba radhi, tungemaliza, na ningejua. Wale hawakunipa hata neno moja baya la kushika.

Basi nimeapa, chakula cha watu sikigusi mpaka mwenyewe aniambie hiki ni changu, pakua. Ila kiapo hakinisaidii usiku nikiwaza Zuhura angesoma wapi. Nikimuuliza Baba Zuhura, niambie kweli mume wangu, ni kile chakula, au... yeye hujibu, "Wanafunzi walikuwa wachache, Mama Zuhura," na hunijibu haraka, kabla swali sijalimaliza.