Moto Ambao Sikuuomba Mtawanya

Nakumbuka mchana mmoja wa kiangazi, mwanangu, nimesimama kando ya njia kule Mtawanya, jasho linanitiririka, nimeshika baiskeli, na rafiki yangu Dadi ameikazia macho saa yake ya mkononi kama refa wa mpira. Tulikuwa tumezikanyaga baiskeli tangu lango la bandari bila kusimama hata kwa maji.

"Dakika ishirini na tano," akasema. "Na wewe ulishuka pale penye mchanga, mvivu mkubwa."

"Nyumba naichukua," nikamjibu.

Dadi akacheka mpaka akakaa chini. "Salumu, ndani hujaingia hata kuona kama ina mlango! Siku hizi nyumba zinanunuliwa kwa saa?"

Ndiyo, mwanangu, mimi niliinunua kwa saa. Nawasikia na ninyi mkiulizana siku hizi, kutoka hapo hadi mjini ni dakika ngapi, na bei yake ikoje. Maswali mazuri hayo, siyalaumu. Lakini nakaa kimya, maana nalijua swali ambalo hamuulizi, na mimi sikuliuliza, na lilinigharimu mtu mmoja ambaye dunia nzima haikuwa na wa pili.

Wakati huo nilikuwa kijana wa kubeba magunia ya korosho bandarini. Reli ya Waingereza, ile ya kubebea karanga, ilikuwa imeshang'olewa, na watu wanachukua mataruma yake kutengenezea vizingiti vya milango. Babu yako mdogo alikuwa na kitanda cha mataruma, kizito hicho, alipohama alikiacha. Basi. Nilikuwa nimepanga chumba Chikongola, wanaume wanne, mikeka minne, ukigeuka wewe wageuka wote. Sikuona tabu, ujana hauna mbavu. Tabu yangu ilikuwa mama.

Mama alikuwa Kitaya, kwenye ukingo wa Ruvuma, peke yake tangu baba afariki. Na ng'ambo ya mto kulikuwa na vita. Wenzetu wanapigana na Mreno, na mizinga ya Mreno haikujua mpaka. Nikienda kumtazama namkuta anavuna mpunga wake huku kunarindima upande wa pili, yeye anasema ni radi. Radi ya kiangazi! Nilipomwambia ahame akasema, "Chumba sitaki, mwanangu. Chumba hakina uani. Nitafutie nyumba, hata ya udongo, nipate pa kupanda kisamvu changu. Hapo nitakuja."

Basi nikaitafuta. Mjini nyumba zilikuwa juu kuliko mkono wangu. Mikindani ni pazuri, lakini kwa baiskeli utafika kazini wenzio wanapumzika. Ndipo nikasikia habari za mzee mmoja wa Mtawanya anayehamia kwa binti yake Newala. Nyumba yake ya miti na udongo, vyumba viwili, makuti upande mmoja bado mapya, uani umezungushiwa wigo. Bei yake akiba yangu iliifikia. Ukichanganya na zile dakika ishirini na tano, nikaona Mungu ameniandikia.

Nikaenda Kitaya kumpa mama habari. Alifurahi, akanikaangia samaki. Kisha akanikalisha.

"Sikiliza, Salumu. Siku ya kuingia usiwashe kiberiti. Moto wa kwanza wa nyumba unaombwa. Chukua kigae, nenda nyumba ya jirani, piga hodi, sema nani wewe na wa nani, uombe makaa. Ukishayaweka kwenye mafiga yako, yule jirani ameshaingia nyumbani kwako, na wewe kwake. Hapo ndipo unapokaa."

"Nimesikia, mama."

Nimesikia! Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini laiti lingekuwa guu langu.

Siku ya kuhamia nilifika na stovu ya mafuta ya taa, mpya, inang'aa, na kiberiti mfukoni. Nikakumbuka maneno ya mama, kweli nikayakumbuka. Nikatazama nyumba ya jirani, ilikuwa hatua arobaini hivi, ina mkorosho mbele. Nikajiona nitakavyokuwa, mfanyakazi wa bandari mwenye stovu, nimeshika kigae cha chungu mlangoni kwa watu kama bibi kizee. Nikaona haya. Nikapiga kiberiti. Chai ikachemka, nikanywa, wala paa halikuniangukia. Ndivyo makosa yalivyo, mwanangu, la kweli halikupigi papo hapo.

Mama akaja kwa lori la mihogo, na kifurushi chake na vikonyo vya kisamvu vimefungwa kwenye jani la mgomba. Hakuuliza saa wala dakika. Alizunguka nyumba, akagusa kuta, akaingia jikoni akachuchumaa mbele ya mafiga.

"Moto ulimwomba nani?"

"Yule mama wa nyumba yenye mkorosho," nikasema. Uongo ulinitoka mwepesi kama mate.

"Jina lake?"

"Bi Somoe." Jina nilikuwa nimelisikia likiitwa na wapita njia. "Mtu wa Mikindani, mwema sana."

"Mungu amlipe," mama akasema. "Kesho nitakwenda kumshukuru."

Kesho yake nikamwambia Bi Somoe kasafiri. Keshokutwa yake nikamwambia ana wageni. Nikasema tungoje Ijumaa, na kila Ijumaa ikaja na kisingizio chake. Njia ya mwongo ni fupi, lakini mwenyewe anapokuwa ndani yake huiona ndefu.

Utaniuliza kwa nini nilimzuia, na hapa ningeweza kuruka, lakini mzee akisema nusu ni afadhali anyamaze. Nilimwonea haya mama yangu. Mama alikuwa Mmakonde wa ng'ambo kwa asili, uso wake umechanjwa nembo kote, na mdomo wa juu una ndonya, kile kipande cha mti cha urembo. Kule kwetu huo ndio ulikuwa uzuri, baba alimwoa kwa uso huo. Lakini mjini nilishasikia watu wakiwatania wanawake kama yeye. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza. Basi nikajifanya namhurumia. "Mama usiende kisimani, nitaleta maji mwenyewe kwa baiskeli." "Mama pumzika, jua kali." Nikamweka nyuma ya wigo, yeye na kisamvu chake, na akaniombea dua kwa huruma yangu.

Tena kulikuwa na jambo la mjumbe wa nyumba kumi. Miaka ile ya vita, sisi watu wa mpakani tuliambiwa tukae macho. Kila mgeni aandikwe kwa mjumbe, maana ilisemwa Mreno anatuma watu wake kuvuka mto, wengine wanawake. Mjumbe wetu alikuwa Mzee Mfaume. Nilikuwa natoka alfajiri na kurudi jioni, nikasema nitakwenda wiki ijayo. Sikwenda, na wiki zikawa miezi. Mama yangu akawa anaishi Mtawanya na Mtawanya haimjui.

Siku yenyewe tulipakua mapema, king'ora cha jioni hakijalia nikawa njiani. Nilikuwa napiga mluzi. Nilikuwa nimemnunulia mama kanga, nimeifunga kwenye karia. Nilipokaribia pale penye mchanga nikaona watu wanakuja mbio wamebeba kitanda cha kamba mabegani. Mbele Mzee Mfaume, nyuma mwanamke kanga imemtoka kichwani, analia. Nikashuka kwenye baiskeli, nikasogea kando kuwapisha kwa adabu, kama unavyompisha mgonjwa wa watu. Nikasema, "Poleni jamani."

Kisha nikauona mguu unaoning'inia. Umevimba mpaka juu ya goti, umekuwa mweusi. Na kwenye kifundo kuna uzi mwekundu aliojifunga siku aliyotoka Kitaya.

Mzee Mfaume akasimama. "Kijana, si wewe wa ile nyumba? Huyu bibi unamjua?"

Mwanangu, hilo swali nimelala nalo miaka yote hii. Mbele za watu naulizwa kama namjua mama yangu. Nikaitupa baiskeli, nikasema ni mama yangu.

Alikuwa anachuma kisamvu uani akaumwa na nyoka. Aliufunga mguu kwa kitambaa mwenyewe, akatoka wigoni, akatembea zile hatua arobaini. Hakwenda kwingine. Alikwenda kwa mtu aliyemjua. Lakini Bi Somoe hakuwa akimjua. Alikuwa peke yake nyumbani, akafungua mlango akakuta mwanamke ambaye hajapata kumwona hata siku moja, ana nembo za ng'ambo, anatetemeka, anasema Kimakonde na vipande vya Kiswahili. Akaogopa. Akamwambia, "Ngoja hapo," akatia komeo, akatokea uani kwenda kumtafuta mjumbe. Na mjumbe alikuwa shambani kwake, msimu wa korosho, mwendo si haba. Waliporudi mama ameegemea ukuta barazani, macho yanatazama ile njia yangu ya mjini.

Tulikimbia na kitanda. Mimi nilishika mguu wa mbele wa kulia. Tulipopita ile miembe ya kuingilia mjini mama akaniita jina, mara moja tu, kwa sauti ya mtu anayemwita mtoto aje kula. Hospitali tulifika, lakini yeye hakufika.

Dakika ishirini na tano. Daktari aliniuliza ameumwa saa ngapi, nilipomwambia akatikisa kichwa, akasema mngewahi. Hakusema kwa ukali. Laiti angesema kwa ukali.

Tulimzika kesho yake baada ya adhuhuri. Nilidhani tutakuwa mimi na Dadi na shimo, maana nani ananijua? Mtawanya wote walikuja. Walichimba wao, waliosha wao, mchele wakaleta wao. Watu ambao sikuwahi kuwaamkia. Ukarimu ule uliniuma kuliko matusi. Dadi, mtu wa mzaha yule, siku ile alinishika tu mkono wa kanzu kama mtoto.

Watu walipotawanyika Mzee Mfaume akakaa karibu yangu mkekani. Nikangoja anigombeze. Akafikicha magoti yake, akasema taratibu, "Nyumba umenunua, mjukuu wangu. Pa kukaa hujapata." Akanyanyuka akaenda zake. Baba yangu hakuwahi kunichapa kama maneno yale.

Akabaki Bi Somoe. Alikuwa amekaa kizingitini, haingii, hatoki.

"Kuna kitu nataka kukuuliza, mwanangu," akasema. "Sijalala. Mama yako aliponifikia alinishika mikono yote miwili, akaniambia, 'Wewe ndiwe uliyetupa moto.' Akarudia. 'Wewe ndiwe uliyetupa moto.' Nikadhani ana wazimu, au ni maneno ya siri ya watu wa huko. Ndiyo maana nikafunga mlango. Moto gani, mwanangu? Mimi moto sikumpa mtu."

Ningeweza kudanganya tena. Mwongo akishazoea hata msibani anaweza. Lakini nilimwambia. Nikamweleza kigae, na kiberiti, na jina lake nililolisikia njiani, na haya yangu. Nilimwambia yote nikiangalia mkeka.

Bi Somoe akanyanyuka. Aliondoka. Nikajua sasa nimempoteza na yeye, na ni haki yake kuniacha. Nikakaa. Jikoni kulikuwa kumepoa, stovu yangu imekwisha mafuta, na mafiga ya mama yana jivu jeupe la jana asubuhi.

Kisha nikasikia hodi. Hodi ya taratibu, ya mtu anayengoja kweli akaribishwe. Nikasema karibu. Akaingia Bi Somoe ameshika kigae kwa kona ya kanga, makaa yake yanapumua mekundu. Akapita moja kwa moja jikoni, akachuchumaa palepale alipochuchumaa mama, akayamwaga katikati ya mafiga, akayapuliza.

"Alisema nimempa," akasema, machozi yakimdondokea jivuni. "Sitaki aende mbele ya Mungu na jambo lisilo kweli."

Sikuihama nyumba ile, mwanangu. Watu waliniambia ihame, ina kisirani. Haikuwa na kisirani, kisirani kilikuwa mimi. Niliishi pale mpaka nikaoa, na Bi Somoe ndiye aliyemtoa mke wangu ndani siku za harusi, na watoto wangu walimwita bibi, hawakujua bibi mwingine. Kisamvu cha mama kilistawi, tukila wote wa nyumba mbili. Kila nilipokitia mdomoni nilikumbuka. Majuto ni mjukuu, wanasema, lakini mimi wajukuu wamekuja wakakua, na majuto yangu hayajakua wala kuzeeka. Yako umri uleule.

Basi ukitafuta nyumba, tafuta ya bei unayoiweza, usijitie kitanzi kwa ajili ya macho ya watu. Na iwe karibu na riziki yako, maana mwenye kufika kazini amechoka amekwisha kula nusu ya mshahara wake. Hayo ninyi mnayajua kuliko mimi niliyeishia darasa la pili. Lakini ukishapima njia ya mjini, geuka uipime na ile ya kwenda kwa jirani. Wahenga walisema jirani kabla ya nyumba. Siku hizi hakuna anayeomba makaa, najua, mna gesi na umeme. Omba chumvi. Omba nyundo ambayo huihitaji. Piga hodi, sema nani wewe na wa nani. Na aliyekuzaa, awe na uso wowote, awe na Kiswahili chochote, mshike mkono umpeleke mwenyewe, mlango kwa mlango, useme kwa sauti watu wasikie, huyu ni mama yangu.

Mungu akupe nyumba, mwanangu, na akupe wa kukufungulia mlango siku mguu wako hauwezi tena kutembea. Mafiga yako yasipoe. Na siku nitakapoondoka mimi, uwe karibu, uwaambie watakaonibeba jina langu, wasije wakaulizana njiani. Amina.